Mchunga Fisi

Neno hilo nililisema mimi. Nataka lijulikane hivyo tangu mwanzo, kwa sababu katika sura hii nitawalaumu watu wengi, na si haki mtu kushika fimbo ya kuwachapa wenzake ilhali mgongo wake mwenyewe una deni. Nililisema asubuhi moja ya mwaka 1986, mbele ya wanafunzi waliopanga mistari uwanjani, nikiwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi hapa Musoma. Nililisema ili wacheke, na walicheka.

Wiki iliyotangulia tuliwapeleka watoto wa darasa la saba Mwanza. Ilikuwa safari ya lori la kuazima, watoto wamesimama nyuma wakiimba kutoka Bunda hadi Magu, na sisi walimu tukigombea nafasi mbili za mbele. Mwisho wa safari ulikuwa kisiwa cha Saanane. Wenyeji wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kuelezwa habari zake, lakini kwa msomaji wa mbali niseme machache. Ni kisiwa kidogo cha mawe, karibu kabisa na mji, kilichopewa jina la Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyekuwa akiishi pale kabla Serikali haijakichukua. Mwaka 1964 pakafunguliwa bustani ya wanyama, ya kwanza katika nchi yetu. Mwaka 1991 kisiwa kikafanywa pori la akiba, na mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa. Mwaka ule wa ziara yetu kilikuwa bado bustani, na watoto walikwenda kutazama wanyama katika vizimba.

Mimi nilikwishafika pale mara moja, mwaka 1968, nikiwa mwanachuo wa ualimu Butimba. Jumapili moja tulivuka kwa mashua vijana kama kumi, suruali zimepigwa pasi, kila mmoja akijiona tayari ni mwalimu mkuu. Huko nilimwona mtumishi mmoja mwenye ndoo. Aliingia nyuma ya kizimba cha fisi, akainama, akaokota kijiti, akachokoachokoa kinyesi, akanusa. Kisha akatoa mfukoni daftari la shule lililokunjwa katikati, akaandika. Tuliumia mbavu kwa kicheko. Mmoja wetu akamuuliza kama fisi amefaulu mtihani. Yule bwana hakujibu. Alifunga daftari lake akaenda kwenye kizimba kinachofuata.

Miaka 18 baadaye nilimkuta palepale. Mvi zilikuwa zimemwingia, ndoo ilikuwa nyingine, na daftari bila shaka lilikuwa jingine. Sikumsalimu. Nilikuwa na watoto arobaini wa kuwahesabu, na baadhi yao walikuwa wakiwarushia nyani vijiwe. Ulipofika wakati wa kurudi kwenye mashua tukakuta mtoto mmoja hayupo. Tukamtafuta kwa hofu, maana ziwa liko pande zote. Tulimkuta nyuma ya vizimba, ameshika ile ndoo, akimfuata yule mzee hatua kwa hatua.

Jumatatu iliyofuata nikawauliza watoto wa darasa la saba, mmoja mmoja mbele ya shule nzima, wanataka kuwa nani. Ulikuwa mtindo wetu wa siku zile. Rubani. Daktari. Mkuu wa mkoa. Mwanajeshi. Zamu ya yule mtoto ilipofika akasema, kwa sauti ya kusikika vizuri, kwamba anataka kuwa kama yule mzee wa Saanane. Nami nikasema: "Wazazi wako wamekusomesha miaka saba ili ukawe mchunga fisi?"

Msomaji wa kwetu ataelewa uzito wake. Kwetu fisi si mnyama tu. Ni mnyama wa usiku, mnyama anayesemwa kuwa ni kipando cha wachawi. Kumwita mtoto mchunga fisi mbele ya watu ni kumvisha vazi lisilovulika kirahisi. Nilikuwa nalijua hilo. Nilifikiri natania.

Basi hilo ndilo deni langu. Sasa niseme ninalotaka kusema: kazi ya kumlea mnyama wa porini aliye mikononi mwa binadamu ni taaluma kamili, yenye elimu yake, uchungu wake na heshima yake, na nchi inayojisifu kwa wanyama mbele ya dunia nzima huku ikimwona mlezi wao kuwa ni mtu wa ndoo tu, nchi hiyo inajidanganya.

Tangu nistaafu, jioni zangu nyingi hupita barazani, hapa Mukendo, chini ya mwarobaini, tukinywa kahawa na kuusahihisha ulimwengu. Nilipoyatoa maneno haya kwa mara ya kwanza, wenzangu walinijia juu. "Mwalimu," akasema mmoja, karani mstaafu mwenye kupenda hoja, "bustani za wanyama ni mambo ya Wazungu ambao hawana pori. Sisi tuna Serengeti. Mnyama wa porini analelewa na Mungu."

Nikawauliza, tulio hapa tuko saba, ni wangapi wamekwisha kuingia Serengeti? Wakapatikana wawili, na mmoja wao aliingia akiwa utingo wa lori lililokuwa likikatiza kwenda Arusha. Lango la Ndabaka liko kando ya barabara yetu ya kwenda Mwanza. Tunalipita na basi tangu utotoni, tukichungulia dirishani kama kuna nyumbu. Mtoto wa Mukendo anaweza kumaliza darasa la saba, akaoa, akazeeka, hajamwona tembo kwa macho yake, na tembo yuko umbali wa asubuhi moja. Kwa hiyo tusitumie jina la Serengeti kama vile ni shamba la mjomba wetu.

Lakini hilo ni jibu dogo. Jibu kubwa ni kwamba huyo anayedhani bustani ya wanyama na pori ni maadui hajui historia ya pori lake mwenyewe. Mtu aliyeupeleka wimbo wa Serengeti duniani kote alikuwa nani? Alikuwa Bernhard Grzimek, daktari wa mifugo, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, Ujerumani, kuanzia mwaka 1945 hadi 1974. Alikabidhiwa bustani iliyobomolewa na vita, akaijenga upya. Kisha yeye na mwanawe Michael wakaja huku na ndege iliyopakwa milia ya pundamilia, wakawahesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani. Michael alikufa tarehe 10 Januari 1959 ndege hiyo ilipoanguka, na filamu yao ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Baba alifariki mwaka 1987, na majivu yake yakazikwa kando ya mwanawe, juu ya ukingo wa Ngorongoro. Najua Wamasai wana maneno yao juu ya Grzimek, na Waikoma wana yao, na ni haki yasemwe mahali pake. Hapa nasema jambo moja tu: aliyewapigania wanyama walio huru alijifunza mapenzi hayo kwa kuwalisha walio ndani ya uzio.

Tena si Serengeti peke yake. Katika ziwa letu hili, upande wa kusini magharibi, kuna kisiwa cha Rubondo. Kati ya mwaka 1966 na 1969 Grzimek na wenzake waliwaleta huko sokwe wapatao 17 kutoka bustani za Ulaya, wakawafungulia msituni. Hawa walikuwa sokwe waliozoea vizimba na chakula cha kuletewa. Wengi walisema watakufa. Hawakufa, walijifunza matunda, wakajenga viota mitini, wakazaa, na wazao wao wako Rubondo hadi leo. Saanane yenyewe, kile kisiwa nilichokicheka, ilikuwa kituo cha kuwatunza wanyama waliokuwa wakisubiri kupelekwa Rubondo. Pengine yule mzee wa ndoo ndiye aliyewaaga baadhi yao. Faru walioletwa Rubondo miaka ile ya 1960 hawakuwa na bahati ya sokwe; majangili waliwamaliza.

Tusiende mbali na mkoa wetu. Mwaka 2018 faru dume mweusi aitwaye Eric aliletwa Grumeti, hapa hapa Mara, kutoka bustani ya wanyama ya San Diego, Marekani. Mwaka 2012 faru watatu waliotoka bustani ya Port Lympne, Uingereza, walipelekwa Mkomazi. Wazee wetu waliwaona faru wakitembea wenyewe katika nyika hizi. Sisi tunawapokea kwa ndege, wakiwa na barua za utambulisho. Ni aibu, lakini ni aibu yenye mafunzo. Maana hebu fikiri inachukua nini kumfikisha faru namna hiyo.

Kwanza kuna daftari la ukoo. Faru, chui, sokwe, kila mmoja anaandikwa: mama ni nani, baba ni nani, alizaliwa lini, aliugua nini. Bila daftari hilo utamwoza dada kwa kaka, na kizazi kitaoza. Pili kuna sanduku. Huwezi kumsukuma faru wa uzito wa tani nzima ndani ya sanduku kama unavyopakia ng'ombe wa mnada wa Tarime. Mlezi wake anaanza wiki nyingi kabla. Anaweka chakula karibu na sanduku, kisha mlangoni, kisha ndani, hadi mnyama aingie mwenyewe kama anaingia kulala. Siku ya safari mlango unafungwa taratibu, na sauti anayoisikia ni ya yule yule aliyemlisha jana. Tatu, kuna mbung'o. Watu wa Mara hatuhitaji kufundishwa mbung'o ni nini. Amewafilisi babu zetu. Faru aliyekulia Ulaya au Marekani hajawahi kuumwa naye, na damu yake haijui nagana. Akifunguliwa ghafla atakufa huku wakubwa wakipiga picha. Ni lazima azoeshwe kidogo kidogo, damu yake ipimwe, na pawepo mtu anayemjua kiasi cha kuona kwamba leo sikio limelegea, leo amebakiza chakula, leo kinyesi kimebadilika.

Mtu huyo ni nani? Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Wasomaji watamkumbuka Faru John. Desemba 2015 alihamishwa kutoka kreta ya Ngorongoro, akaletwa Grumeti. Agosti 2016 akafa. Desemba ya mwaka huo Waziri Mkuu, Mheshimiwa Kassim Majaliwa, akadai maelezo, na nchi nzima ikawaka. Ikaundwa timu ya uchunguzi chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali; pembe zikapimwa vinasaba. Barazani kwetu hatukuzungumza kingine kwa mwezi mzima. Pembe ziko wapi? Kibali kilisainiwa na nani? Fedha zilipita mikono gani? Ni maswali mazuri, na sisemi yasiulizwe. Lakini katika magazeti yote niliyoyasoma, na nilisoma mengi, sikuona mtu akiuliza swali la mchunga ng'ombe yeyote wa Butiama: asubuhi, nani alikuwa akimtazama? Jina lake nani, alisomea wapi, alimjua mnyama yule kwa muda gani, na je, alipoona dalili alikuwa na mtu wa kumwambia ambaye angemsikiliza? Mimi sikuwapo na simhukumu mtu. Ninachosema ni kwamba hata kuuliza hatukuuliza, kwa sababu akilini mwetu cheo hicho hakipo.

Na kabla ya hapo, Novemba 2010, wanyama hai zaidi ya mia, wakiwemo twiga, walipakiwa ndegeni pale uwanja wa Kilimanjaro wakapelekwa Qatar. Tulifanya mzaha, tukasema twiga wetu ni wasomi, wanapanda ndege. Twiga mle ndani alisimamaje? Nani alimpa maji? Hakuna aliyejali, mimi nikiwemo.

Nitaje na mfano wa upande wa pili, nisije nikaonekana mzee wa kulalamika tu. Pale Ngorongoro alikuwapo faru jike, Fausta. Wataalamu walimwona kwa mara ya kwanza mwaka 1965, akiwa bado mdogo. Aliishi huru kreta nzima kwa zaidi ya miaka hamsini. Macho yalipoanza kufifia na fisi wakamjeruhi, mwaka 2016 aliwekwa ndani ya uzio, akatunzwa. Alikufa tarehe 27 Desemba 2019, akihesabiwa kuwa na umri wa miaka 57, na ilisemwa duniani hakukuwa na faru mweusi mkongwe kumzidi. Miaka ile mitatu ya mwisho, bibi kizee kipofu mwenye pembe aliishi kwa mikono ya watu. Habari za kifo chake zilichapishwa katika nchi nyingi. Majina ya waliomlisha sikuyaona.

Vuka mpaka wa Sirari, nenda Nairobi. Hapo kuna mahali wanapolelewa tembo yatima, alipoanzisha Daphne Sheldrick, aliyefariki mwaka 2018. Kwa miaka mingi mama yule alishindwa kumnyonyesha tembo mchanga akapona, kwa kuwa mafuta ya maziwa ya ng'ombe yanamharisha hadi kufa. Alijaribu hili na lile mpaka akagundua kwamba maziwa ya kopo ya watoto, yakitiwa mafuta ya nazi, yanakaa tumboni. Fikiri, nazi! Mwaka 1974 alimlea ndama aitwaye Aisha kwa njia hiyo, akanenepa. Kisha mama akasafiri majuma mawili hivi kwa ajili ya harusi ya binti yake. Aisha akakataa kula, akadhoofu, akafa, akiwa na umri wa miezi sita. Alikuwa amemjua mlezi mmoja tu, akadhani amefiwa mara ya pili. Tangu hapo ikawa kanuni: ndama mmoja, walezi wengi, wanapokezana, na usiku mmoja wao analala naye zizini, kesho mwingine. Walezi hao ni vijana wa Kiafrika kama wa kwetu. Ukiwaona, wamevaa makoti yao na chupa kubwa za maziwa mkononi, hutacheka. Au utacheka kwanza, kama mimi, kisha utaona haya.

Jambo linaloniudhi zaidi ni kwamba sisi watu wa Mara ndio tungepaswa kuielewa kazi hii kuliko wote. Mzee wa Kikurya anajua ng'ombe wake kwa rangi, kwa mlio, kwa mwendo. Akiamka alfajiri akasimama mlangoni mwa zizi, anakwambia yupi hakucheua usiku. Hakuna anayemcheka kwa kukanyaga samadi; huyo ndiye mwenye mali, ndiye anayesikilizwa kikaoni. Maarifa yale yale, macho yale yale, ukiyahamisha kutoka kwa ng'ombe kwenda kwa faru, ghafla yanakuwa kazi ya kijinga. Nimeuliza sababu, nikajibiwa: ng'ombe analiwa. Kama thamani ya mnyama ni nyama tu, basi tuwaambie hivyo watalii, tuone watakuja wangapi.

Wapo na wengine ninaowalaumu, nao wako upande wa pili kabisa. Hawa hawadharau kufuga mnyama wa porini, wanapenda mno. Anafungua bustani ya kunywea bia, anaona haitoshi, anatafuta ngedere, anamtia katika kizimba karibu na jiko la nyama choma ili wateja wapate kicheko. Miaka michache iliyopita nilikaa mahali pa namna hiyo, mji sitautaja. Ngedere alikuwa peke yake. Alikuwa akizunguka upande uleule, mzunguko uleule, akigusa nguzo ileile kila anapopita. Nilimhesabia mizunguko hamsini nikaacha. Mteja mmoja akampa bia kwenye kifuniko. Nikamwuliza kijana aliyekuwa akigawa chakula nani anamtunza mnyama huyu. Akanijibu: "Yeyote anayemaliza kuosha vyombo, mzee."

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inamtaka mtu awe na ruhusa kabla ya kumweka mnyama wa aina hiyo. Vizuri. Lakini mimi ningeongeza sharti moja, nalo liwe juu ya mengine yote: kabla ya kuonyesha kizimba, onyesha mlezi. Aje na jina lake, na cheti chake, na mshahara wake uandikwe. Asiyekuwa na mlezi asiwe na mnyama, hata awe na uzio wa dhahabu. Ngedere afadhali afe porini kwa meno ya chui kuliko aishi miaka ishirini akigusa nguzo.

Karani wangu wa barazani alipofika hapa alinikatiza. "Vyuo vipo, Mwalimu. Mweka ipo. Pasiansi ipo." Ni kweli. Chuo cha Mweka, kule Moshi, kilianza mwaka 1963, na Pasiansi ya Mwanza mwaka 1966, na vimefanya kazi kubwa. Nimewafundisha mimi mwenyewe watoto waliokwenda kuwa askari wanyamapori, wakarudi kunisalimia na magwanda yao, nikajivuna. Wengine wamekuwa waongoza watalii, wengine wasimamizi wenye magari. Wote wanajua kulilinda pori, kulipima, kulitangaza. Lakini katika miaka yangu 38 ya ualimu sikupata hata mmoja aliyerudi akaniambia: Mwalimu, nimesomea kulea. Na Mwalimu mwenyewe, mtoto wa Butiama, katika tamko lake la Arusha la Septemba 1961 kuhusu wanyamapori (si Azimio la mwaka 1967, watu huyachanganya), alikiri kwamba kazi hii inahitaji utaalamu, watu waliofunzwa na fedha. Watu waliofunzwa bunduki tumepata. Tunahitaji waliofunzwa chupa ya maziwa, na daftari, na kunusa kinyesi bila kuona haya.

Tena isiwe kazi ya kupewa aliyekosa nyingine. Iwe na muundo wake wa utumishi, na ngazi za kupanda, hata kijana aanze na ndoo na amalize akiwa mkuu wa wanyama wote wanyonyeshao wa kituo kizima, mtu ambaye daktari wa mifugo hathubutu kumchoma mnyama sindano kabla hajamwuliza. Huko ng'ambo cheo hicho kipo, na mwenyewe huheshimiwa kama profesa. Entebbe, ng'ambo ya ziwa hili hili, wana kituo kilichoanza mwaka 1952, ambapo watoto wa shule hupelekwa kwa mabasi kujifunza. Na katika kisiwa cha Ngamba, tangu mwaka 1998, sokwe yatima wa Uganda wana walezi wao wanaowajua kwa majina. Sisi tuliokuwa na Saanane tumekaa tukitazama maji.

Nilisema nina deni. Yule mtoto wa mwaka 1986 sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu. Ana duka la vifaa vya ujenzi, hapa hapa Mukendo, nami huwa napita upande wa pili wa barabara. Sababu ya kupita upande wa pili ni kwamba duka lile lina jina zuri lililoandikwa kwa rangi juu ya mlango, lakini hakuna anayelitumia. Mafundi, waendesha bodaboda, hata wanawake wa sokoni, wote wanasema "Kwa Fisi". Vijana wanaolitaja hivyo hawajui lilitoka wapi. Mimi najua.

Mwaka jana mvua iling'oa bati la jiko langu, na maduka mengine yalikuwa yamefungwa. Nikaingia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Alinipimia misumari ya bati kilo moja, akakataa fedha, nikakataa kukataa kwake, tukabishana kidogo kama ilivyo desturi. Kisha nikasema nililokuwa nimelibeba miaka yote ile. Nikamwambia kwamba neno lile lilikuwa langu, kwamba lilikuwa baya, na kwamba namwomba radhi. Nilitegemea acheke, au aniambie yamepita. Hakusema lolote kati ya hayo. Alikaa kimya, mkono juu ya mizani, kisha akaniuliza swali.

"Mwalimu, wewe ulifika pale mara mbili. Yule mzee alikuwa akiandika nini kwenye lile daftari? Nilimwuliza siku ile, akasema nikimaliza shule nirudi atanionyesha."

Nikamwambia sikuwahi kumwuliza.

Akafunga misumari yangu kwenye gazeti.